Michoro Miwili ya Herufi C

Nilifika Kilolo siku moja baada ya Chengula kuzikwa. Magoti yangu siku hizi hayaendi na haraka ya misiba, na kutoka Mbeya hadi kule ni safari ya kutwa nzima ukijumlisha na kusubiri gari Iringa mjini. Turubai lilikuwa bado halijashushwa. Wanawake walikuwa wanamenya viazi nyuma ya nyumba, nami nikapewa kigoda na kisu kama mtu wa pale pale. Nilikuwa sijamaliza sufuria la kwanza alipokuja mwanamke mmoja wa makamo, macho yamevimba kwa kulia, akachuchumaa mbele yangu. “Shikamoo mama. Wewe ndiye mama Skola wa Mbeya, wa masjala?” Nikamwambia ndimi. Akanishika mkono ulivyokuwa, umejaa maji ya viazi, akasema, “Mimi ni Neema, kitinda mimba wake. Baba alikuwa anatuambia kila mwaka kwamba wewe ndiye uliyemwokoa asifungwe.”

Tulikaa pamoja mpaka mchana. Neema anafanya kazi ya kompyuta Dar es Salaam. Alinieleza kwamba kampuni yao ina mashine inayotunza programu zote wanazoandika, na si programu ya leo tu, bali kila toleo lililowahi kuwepo tangu siku ya kwanza. Watu wao wako Mwanza, wako Dodoma, mmoja yuko nje ya nchi, na wote wanafungua kwa mtandao na kuchukua toleo wanalotaka, jipya au la zamani. Anayebadilisha hata mstari mmoja, badiliko linabeba jina lake na sababu yake. Kazi ya Neema ni kuhakikisha mlango huo wa mtandao uko wazi kwa wenye haki na umefungwa kwa wengine. “Nilipomweleza baba,” alisema, “alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia, hiyo si ni masjala ya Skola?” Na mimi nikacheka, msibani, nikafunika mdomo kwa khanga. Sikutaka kumbishia mfiwa mbele ya watu. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa najisemea moyoni kwamba mambo hayakwenda hivyo. Mimi sikumwokoa Chengula. Karibu nimfunge. Aliyemwokoa ni mtu mwingine, na mtu huyo ndiye aliyekuwa amemponza. Sasa wote wawili hawapo, nimebaki mimi, na nisipoyaandika yatabaki kama Neema alivyoyasikia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, katikati ya miaka ya sabini, nilipoajiriwa kuwa karani wa michoro katika ofisi ya mradi wa mifereji Mbeya mjini. Ofisi ilikuwa nyumba ya zamani ya bati jekundu, upande wa mlima Loleza, na mwezi wa sita baridi iliingia kwa chini ya mlango kama maji. Kulikuwa na vyumba vitatu. Cha mbele kilikuwa cha mhandisi, mtu mpole wa kutoka Moshi ambaye muda mwingi alikuwa safarini. Cha kati kilikuwa cha kuchorea, chenye meza moja pana iliyoinamishwa na dirisha kubwa kuliko yote. Cha nyuma kilikuwa changu: kabati la droo pana za mbao, meza, daftari la jalada gumu, mashine ya kutolea nakala iliyonuka dawa kali ya kuchoma macho, na juu ya rafu redio ya upepo. Nilikuja pale nikitokea shule ya masista Iringa, na sikujua hata mchoro unashikwaje. Nilishika wa kwanza kama gazeti, nikaukunja. Mzee Mwakatobe, aliyekuwa mchoraji, aliinuka kwenye meza yake, akaunyoosha kwa viganja vyake viwili taratibu kama anayempapasa mtoto tumbo, akasema, “Binti, hii haikunjwi. Hii inaviringishwa.” Akarudi kukaa.

Mambo yote niliyoyajua kuhusu kazi ile alinifundisha yeye. Mchoro wa asili ulichorwa kwa wino kwenye karatasi ngumu inayopitisha mwanga, nao haukutoka ofisini kamwe. Makambini, kule mifereji ilikojengwa, zilikwenda nakala tu. Pembeni chini, ndani ya kisanduku, kila mchoro ulikuwa na namba yake na herufi. Mara ya kwanza ni A. Ukibadilishwa kitu chochote, hata ukuta ukipungua upana wa kidole, herufi inakuwa B, na chini yake panaandikwa nini kimebadilika, nani kabadilisha, na lini. Kisha mimi natoa nakala mpya, naziandika daftarini, nazituma Chimala na Kilolo na kwingine tulikokuwa na kambi, na msimamizi wa kambi anatia sahihi kwamba amepokea. Na jambo moja zaidi, ambalo mhandisi mwenyewe aliliona ni kupoteza karatasi: nakala moja ya kila herufi ilibaki kwangu, na muhuri wa tarehe, ndani ya droo. Siku moja nilimuuliza Mzee kwa nini tunatunza A wakati watu wanajenga kwa D. Alikuwa ananoa penseli kwa wembe. “Karatasi ya zamani haitupwi,” alisema. “Itafika siku mtu atauliza, hawa walikuwa wanafikiri nini? Sasa utamjibu kwa mdomo?”

Asubuhi saa mbili nilikuwa nawasha redio. “Chimala, Chimala, hapa Mbeya, unanipata? Ova.” Sauti zao zilikuja na mikwaruzo kama watu wanaozungumza huku wanakaanga. Nilizijua sauti kabla ya nyuso. Wa Kilolo alikuwa na kikohozi. Wa Chimala alikuwa Chengula, msimamizi wa ujenzi, Mhehe wa huko huko Kilolo aliyepelekwa uwanda wa Usangu kwenye joto na mbu, na kila asubuhi kabla ya habari za kazi alinisalimia kwa kilugha chetu, “Kamwene, dada Skola,” nami nikaitikia, na kambi zote zikasikia, maana redio ile haikuwa na siri. Mtu akiuliza kipimo, niliacha redio inakwaruza, nafungua droo, natoa mchoro, namsomea. Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Mtu yuko kwenye tope maili nyingi kutoka kwangu, ananiuliza, mimi nafungua droo, namjibu. Nilijiona mtu wa maana sana.

Nilipanga chumba Ilomba, kwa mjane wa Kinyakyusa aliyeitwa Mama Tusekile. Wakati ule kulikuwa na mahindi mengi kuliko nyumba. Ukuta kati yangu na yeye ulikuwa wa mbao, na kila alfajiri nilimsikia anasali kwa sauti, kwanza kwa Kinyakyusa, kisha akifika kwangu anahamia Kiswahili, kana kwamba alitaka nami nisikie: “Na huyu mtoto wa watu, Bwana, mwongoze, na umkumbushe kufunga maji ya bomba.” Jioni tulikula pamoja jikoni kwake, ndizi zilizopondwa na maharage, au viazi na maziwa ya mgando, miguu yetu imeelekezwa motoni. Ndiye aliyekuwa mtu wangu wa kumwambia mambo. Mwezi ule wa sita nilipoacha kula, yeye ndiye aliyeona.

Ilianza hivi. Pale Chimala, Chengula alikuwa amemaliza kujenga banio, yaani ule ukuta mfupi unaokinga mto na kuyageuza maji yaingie kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga. Wakaja wakubwa kutoka juu kukagua. Walikuta mdomo wa mfereji umewekwa juu mno. Masika, mto ukiwa umejaa, maji yangeingia. Lakini siku zile mto ulikuwa umeshuka, na maji yalipita chini ya mdomo yakaenda zake. Wakulima, Wasangu na wengine waliohamia kutoka kaskazini na ng'ombe wao, walikuwa wamechimba mfereji kwa mikono miezi mitano, na sasa walisimama ukingoni wakitazama mto unawapita. Wakubwa wakarudi Mbeya na hasira. Wakaniagiza nitoe nakala ya mchoro wa banio, herufi C. Nikautoa ule wa asili, nikaupitisha kwenye mashine, nikawapa. Kipimo cha mdomo kwenye karatasi kilikuwa chini kuliko alivyojenga Chengula, kwa kama mkono mmoja hivi, kuanzia kiwiko hadi vidole. Wakaniuliza, “Chimala walipelekewa C?” Nikafungua daftari langu zuri. C, imepelekwa, imepokelewa, sahihi ya Chengula hii hapa.

Daftari langu ndilo lililomtia hatiani. Chengula alidai kwamba C aliyopokea yeye ilikuwa na kipimo kile kile alichojengea. Wakamwambia ailete. Hakuwa nayo, mchwa walikuwa wameingia kwenye sanduku la kambi na kula karatasi zote mpaka kubaki unga. Nikiwa chumba cha kati, kupitia ukuta wa mhandisi nilisikia mmoja wa wakubwa anasema neno ambalo siku zile lilitisha kuliko ugonjwa: hujuma. “Mtu ana mchoro mkononi anajenga kingine, hiyo si bahati mbaya.” Mhandisi akajibu kitu kwa sauti ya chini. Mkubwa akasema, “Jumatatu tunamkabidhi polisi, wao watajua.” Hiyo ilikuwa Alhamisi. Mzee Mwakatobe alikuwa kwenye meza yake, ameinama, na sikuona kalamu yake ikisogea.

Ijumaa asubuhi nilipowasha redio, Chengula hakunisalimia kwa Kihehe. “Mbeya, hapa Chimala. Dada Skola, fungua droo yako, uniangalizie ile C ya kwanza. Ova.” Nikamjibu kwamba hakuna C ya kwanza wala ya pili, C ni moja. Nilimjibu kwa ukali kidogo, nadhani. Nilikuwa nimeshaamini daftari. Kisha akasema, taratibu, “Angalia tu, dada yangu. Mke wangu ameanza kufunga vyombo. Ova.” Nikaangalia, ili tu niweze kumwambia nimeangalia. Nilitoa ile nakala ya droo, yenye muhuri wa mwezi wa tatu, nikaitandaza mezani. Kisha nikatandaza ule wa asili juu yake. Mistari ililingana yote, ukuta juu ya ukuta, jiwe juu ya jiwe, isipokuwa mdomo wa mfereji. Hapo palikuwa na mistari miwili. Niliinua karatasi ya asili kwenye dirisha. Mahali pale palikuwa pamekwanguliwa kwa wembe, karatasi imekuwa nyembamba, na kipimo kipya kimeandikwa juu yake. Pembeni chini, kisanduku kilikuwa vile vile. C.

Hakuna mtu aliyegusa michoro ya asili isipokuwa mmoja. Nilimwambia Chengula, “Subiri, bado natafuta. Ova,” na huo ndio uongo ninaoukumbuka vizuri kuliko mwingine wowote niliowahi kusema. Nikaviringisha nakala ya droo, nikaitia kwenye mfuko wangu, nikaenda nayo Ilomba, jambo lililokatazwa. Sikula, sikula, mpaka Mama Tusekile akaniuliza, una mimba? Nikamwambia hapana. Akasema, “Basi kama si mimba ni neno. Neno linatoka kwa mdomo, mwanangu, halina njia nyingine.”

Jumamosi mchana nikaenda nyumbani kwa Mzee Mwakatobe. Alikaa kwenye nyumba za serikali, sebule ndogo yenye vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti. Mke wake alinipokea kwa furaha, hakutaka kusikia kwamba nimekuja kwa dakika mbili, akaleta ndizi na nyama. Akamwekea mumewe sahani, akaizungusha kidogo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema chumvi iko pale, “Nyama iko upande wa kulia, baba.” Naye Mzee akapeleka mkono kulia, vidole vikatangulia, vikagusa ukingo wa sahani, vikaingia. Nikaacha kutafuna. Mwaka mzima nilikuwa nimekaa chumba cha pili na mtu huyu. Nilikuwa nimemwona anasogeza uso karibu na karatasi nikadhani ni umakini. Alikuwa akinitaka nimsomee barua zake kwa sauti nikadhani ananifundisha kusoma vizuri. Dirisha kubwa, meza karibu na mwanga, ile tabia yake ya kupapasa karatasi kwa viganja. Yote yalikuwa ni macho yasiyoona.

Mke wake alipotoka kwenda jikoni, Mzee alisema, “Umekuja na mchoro.” Nikasema ndiyo. Akaongea akiwa ameelekeza uso kwenye mlango, si kwangu. Mhandisi alikuwa amempitia mwezi wa nne, haraka haraka, gari linanguruma nje, akamwambia mto unashuka kuliko walivyodhani, mdomo wa banio ushushwe, andaa D. Mzee alikwangua, akaandika kipimo. Namba kubwa aliiweza. Lakini kile kisanduku cha pembeni, maandishi yake ni madogo kama mchele. Alijaribu siku mbili. Aliona ukungu tu. Aliogopa kuniomba mimi nimwandikie, kwa sababu ningejua, na wangejua, na mchoraji asiyeona anabaki na nini? Akajiambia atafanya kesho. “Kisha siku zikapita, nikasahau, au nikajisahaulisha. Alhamisi nilipowasikia, nilikumbuka yote. Nimekaa siku tatu hizi nasubiri wewe ufungue droo, ili lisitoke kwangu.” “Niachie hiyo karatasi, binti. Mpaka Jumatatu.”

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na aliyeniomba alikuwa na umri wa babu yangu, nami nilikuwa bado nina chakula chake mdomoni. Nilitaka kumwachia. Kama angeomba mara ya pili ningemwachia. Nilisema, “Mzee, ulinifundisha karatasi haitoki masjala. Tayari nimekosea kuitoa.” Hakuomba mara ya pili. Alitikisa kichwa kama anayesikia jibu la hesabu aliyoijua, akasema, “Haya. Nenda nayo vizuri, upepo ni mkali.” Nililia njia nzima mpaka Ilomba, na mpaka leo sijui kama Mzee alitaka kuichoma ile karatasi au kuipeleka mwenyewe. Sikumuuliza kamwe. Miaka hii yote nimejipa jibu moja nikiwa na furaha na jingine nikiwa sina.

Jumatatu niliwahi ofisini nikiwa nimeazimia kumpa mhandisi karatasi zote mbili. Mhandisi hakuwa amefika. Saa mbili nikawasha redio, na kabla sijaita kambi yoyote, Mzee Mwakatobe aliingia chumbani kwangu. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alinyoosha mkono, nami nikampa kipaza sauti, na kwa kuwa hakuona kitufe, nikakiminya mimi. “Kambi zote, hapa Mbeya,” alisema. “Anaongea Mwakatobe, mchoraji. Mchoro wa banio la Chimala, herufi C, nimeubadilisha mimi kwa mkono wangu, na sikubadilisha herufi, na sikumwambia mtu. Chengula alijenga alichotumiwa. Hakukosea. Nimesema hivi watu wote wasikie, asije mtu akasema baadaye kwamba sikusema. Ova.” Nikaachia kitufe. Redio ilikwaruza muda mrefu. Wa Kilolo akakohoa, akasema, “Kilolo tumekupata, Mzee. Ova.” Kambi nyingine nazo zikasema tumekupata. Chimala haikusema kitu. Chengula aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameketi chini, kwenye udongo, na redio ikamwita mara tatu hakuweza kuinuka.

Mhandisi alipofika nilimtandazia michoro miwili. Aliitazama, akavua miwani, akasema kwamba hata yeye alitoa agizo kwa mdomo akiwa na mguu mmoja kwenye gari, na hakurudi kuuliza kama D imetoka. Aliandika hivyo kwa wakubwa, kwa jina lake. Polisi hawakuja. Mzee alikatazwa kugusa wino, lakini mhandisi alimbakiza ofisini mpaka mwisho wa mwaka, na wakaleta kijana mchoraji kutoka Iringa. Tukaweka utaratibu mpya: kila asubuhi nilizisomea kambi orodha ya michoro yote na herufi zake za siku hiyo, na kambi ikarudia nilichosema, na yeyote aliyetaka kujua toleo la zamani lilisema nini alikuwa na haki ya kuuliza. Mzee alikaa kwenye kigoda kando yangu. Nikisoma vibaya alinirekebisha bila kuona karatasi. Michoro yote ilikuwa kichwani mwake, A hadi mwisho. Hapo ndipo nilipoijua kazi ile. Kabla ya hapo nilikuwa natunza karatasi, nikadhani daftari likisema ndiyo basi ni ndiyo.

Banio lilibomolewa mdomo na kujengwa upya kabla ya msimu wa kupanda. Siku ya kufungulia maji, mhandisi alitupeleka Chimala, mimi na Mzee, nyuma ya Land Rover, juu ya mifuko ya saruji. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona Chengula: mtu mfupi, mweusi, mpole wa uso, hafanani hata kidogo na sauti yake. Alinisalimia kwa Kihehe, akanishika mkono kwa mikono miwili. Mzee, Chengula hakumpa mkono. Alisema tu, “Umefika, Mzee,” na Mzee akasema, “Nimefika.” Maji yaliingia mferejini, wakulima wakapiga kelele, wanawake wakavua viatu wakaingia nayo. Wao wawili walibaki wamekaa juu ya ukuta wa banio. Nilikuwa hatua chache tu, nilisikia. Chengula alisema, “Siku nne, Mzee. Siku nne nilikuwa nawaza nitamwambia nini baba mkwe. Mwanangu mkubwa aliulizwa shuleni kama baba yake ni mhujumu.” Mzee hakujitetea, hakutaja macho. Alisema, “Niambie yote.” Na Chengula akamwambia yote, ilichukua muda, na kuna wakati alipaza sauti mpaka watu waligeuka. Nilitamani kwenda kuwakatisha. Mzee aliinamisha kichwa na kusikiliza mpaka neno la mwisho.

Kisha mhandisi akatuita garini. Njia ya kurudi ilipita juu ya tuta la mfereji, jembamba, linaloteleza, maji upande mmoja na tope upande wa pili. Niliwaona wameinuka. Mzee alisimama pale pale, hajui aweke mguu wapi, na hakumwomba mtu. Chengula alikuwa ameshatangulia hatua tatu. Akasimama. Akarudi, akampa mgongo, akauchukua mkono wa Mzee akauweka begani kwake, na wakaja hivyo tuta zima, Chengula anapunguza mwendo kila penye utelezi na kusema, “Hapa,” na Mzee anaweka mguu.